Kiranja Aliyetusubiri

Tulimchagua siku ya kwanza, kabla hatujajuana majina, kwa sababu alikuwa ndiye mwenye mvi. Mratibu wa masomo aliuliza nani atakuwa kiongozi wa darasa, tukageuka wote kumtazama mzee aliyekaa mbele kabisa, kofia ya kufuma kichwani, shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni. Akasimama. Akasema kama hilo ndilo tulilolitaka, basi yeye atakuwa kiranja. Neno lenyewe lilituchekesha. Tulikuwa watu wazima, wenye kazi na watoto, tumekuja kusoma shahada ya uzamili ya biashara, na huyu anazungumza kama tuko shule ya msingi. Lakini jina likakaa. Wengine walimwita Mzee Kiranja, mimi mara nyingi nilimwita mzee tu. Jina lake halisi nilikuja kuliona baadaye kwenye karatasi ya mahudhurio, na hata hivyo sikuwahi kulitumia.

Sisi tulikuwa wa mwanzo. Chuo kilikuwa hakijawahi kufundisha shahada hiyo hapo Morogoro, na mratibu, kijana mwenye maneno matamu, alikuwa amezunguka maofisini na mashuleni akitushawishi mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nafundisha masomo ya biashara katika sekondari moja ya watu binafsi, nimepanga chumba Kilakala, na nilikuwa nimechoka kufundisha ukurasa uleule mwaka baada ya mwaka. Mratibu aliniambia nikimaliza sitarudi tena kwenye chaki. Nilimwamini. Sote tulimwamini, ndiyo maana siku ile ya kwanza chumba kilijaa, kukawa na soda na hotuba, na watu wakapiga picha wakiwa wameegemea ukuta uliopakwa rangi upya.

Sijui Kiranja alimwamini mratibu au alikiamini kitu kingine. Kila aliyemwuliza kwa nini anasoma katika umri ule alipewa jibu lake. Sista, mtawa aliyekuwa akiteremka kutoka misheni moja juu milimani na ambaye alikuwa anasimamia bustani za mboga za shirika lake, aliambiwa kwamba mzee anataka kufungua ofisi ya kuwashauri wakulima wa miwa. Mke wake aliambiwa kwamba chuo kitamwajiri kufundisha. Mimi aliniambia jambo dogo zaidi. Alisema anataka kuvaa joho, apigwe picha, na picha ile itundikwe sebuleni kwake Bigwa, mahali ambapo mgeni akiingia jicho litaanzia. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Alikuwa amefanya kazi muda mrefu upande wa Turiani, kwenye mashamba ya miwa, akastaafu mapema na kurudi Bigwa chini ya mlima. Darasani alikuwa mkali kama nyapara. Masomo yetu yalikuwa Ijumaa jioni na Jumamosi kutwa, na aliyechelewa alimkuta amesimama mlangoni. Hakumzuia mtu. Alimwambia tu, kwa sauti ya chini, "Darasa halimsubiri mtu," kisha akampisha. Dada mmoja aliyefanya kazi benki, ambaye alikuwa akitoka kazini mbio na viatu vyake virefu, aliyachukia maneno yale kuliko mtihani wowote. Na huyohuyo Kiranja aliyetupokea hivyo mlangoni ndiye aliyelala darasani. Mhadhiri akishaanza kueleza mambo ya masoko, kichwa cha mzee kilianza kushuka taratibu, kofia ikasogea kwenye nyusi, na Sista akamgusa kwa kiwiko. Aliamka na swali mdomoni, tena swali la maana, kana kwamba usingizi ulikuwa namna yake ya kusikiliza.

Kiingereza kilimtesa. Vitabu vyote vilikuwa vya Kiingereza na majibu yalitakiwa kwa Kiingereza, na yeye aliandika kwanza kwa Kiswahili, kwa mwandiko uliolala, halafu akaanza kukihamisha neno moja baada ya jingine. Kompyuta aliigonga kwa kidole kimoja. Kazi ambayo mimi nilimaliza kwa jioni moja, yeye ilimchukua wiki. Akichoka, hata Kiswahili chake kilirudi mlimani: sauti ikapanda na kushuka Kiluguru, na maneno ya kwao yakachomoza katikati ya sentensi, tukawa hatumwelewi mpaka apumzike.

Kuna siku mhadhiri wa mikakati alitupa zoezi. Wauza nyanya wawili wako jirani sokoni. Je, mmoja afanye nini amshinde mwenzake? Sisi tuliandika habari za kushusha bei, za kupanga nyanya vizuri, za kumwahi mteja. Kiranja alisimama akasema wale wawili wakodi gari moja wafuate nyanya pamoja. Mhadhiri akamwambia hajajibu swali. Kiranja akasema amelijibu. Wakabishana, darasa likacheka, na mwishowe akapewa alama mbaya kuliko zote. Hakukata rufaa. Lakini Jumamosi iliyofuata alikuja na jibu jingine, ameliandika upya kama mhadhiri alivyotaka, muuza nyanya mmoja akimmaliza mwenzake kabisa, na alilisoma kwa uso wa mtu anayekunywa dawa chungu. Nilimwuliza kama amebadili mawazo. Akasema la, ila amekuja kusoma, na aliyekuja kusoma husoma na yale asiyoyapenda.

Alikuwa Mwislamu wa kuswali swala zake zote, na mchana wa Jumamosi tulimwona akitandika mkeka nyuma ya jengo. Hata hivyo alijifunza salamu ya Sista. Kila asubuhi alimwambia, "Tumsifu Yesu Kristo," na Sista akajibu, "Milele amina," kisha wote wawili wakatabasamu kama watoto walioiba kitu. Sista alimletea karoti na kabichi za milimani. Yeye alikuja na mihogo ya kuchemsha ndani ya kitambaa, akaikata na kuipitisha kutoka dawati hadi dawati. Hakuna aliyeruhusiwa kukataa. Dada wa benki alisema wazi kwamba hapendi mihogo, akapewa kipande kikubwa zaidi.

Hayo ndiyo mazuri, na nimeyamaliza.

Wahadhiri wengi walitakiwa kutoka Dar es Salaam. Mwanzoni walikuja, wakiwa na haraka, wakitazama saa. Baadaye wakaanza kukosa. Ujumbe uliingia kwenye simu asubuhi tukiwa tumeshakaa: kipindi kimeahirishwa. Sista alikuwa ameamka gizani na kuteremka mlima kwa miguu mpaka barabarani ili asome ujumbe huo. Mwanzoni Kiranja alikataa tuondoke. Alisema tusome wenyewe. Kila mtu asome ukurasa mmoja kwa sauti, wengine wasikilize. Ningependa kusema kwamba tulifaidika. Hatukufaidika. Tulisoma maneno tusiyoyaelewa kwa sauti iliyopooza, mmoja baada ya mwingine, jua likiunguza mabati, na kila aliyemaliza ukurasa wake alitafuta sababu ya kutoka nje. Kufikia adhuhuri tulikuwa tumebaki wachache, na Kiranja amefumba macho mbele, anatikisa kichwa kuonyesha kwamba anafuata.

Kisha matokeo ya somo moja yakapotea. Tukaambiwa tufanye mtihani upya. Somo jingine likabadilishwa jina, na tuliokuwa tumelifaulu kwa jina la zamani tukaambiwa halihesabiki. Msimamizi wangu wa tasnifu aliacha kazi bila kuniaga. Wa pili alisoma sura mbili akanyamaza. Kundi la pili la wanafunzi, ambalo mratibu alituahidi kila muhula, halikuja kamwe. Fununu zikaanza kwamba wakaguzi wa elimu wamekuja, wamehesabu wahadhiri, hawakuridhika. Watu wakaanza kupungua. Hawakuaga. Jumamosi moja kiti kinakuwa kitupu, Jumamosi ya pili kinakuwa kitupu, ya tatu mtu anakitumia kuwekea mkoba.

Kila mara tulimtuma Kiranja kwenye ofisi ya mkuu wa chuo. Alivaa koti, alikwenda, alikaa huko hata saa nzima, akarudi na maneno yaleyale: wamesema wanalishughulikia. Alikuwa na udhaifu huo. Alishindwa kabisa kuleta habari mbaya ikiwa mbaya, njiani aliipoza. Nilikuja kugundua kwamba mara nyingine hata hakuonana na mkuu, alikaa kwenye benchi la nje akaambiwa aje kesho, na kwetu ikawa wanalishughulikia. Dada wa benki ndiye aliyemkabili. Alimwuliza mbele yetu, "Wewe ni kiranja wetu au ni msemaji wao?" Mzee alikuwa anafuta ubao. Aliendelea kuufuta, hata pale palipokwisha kuwa pasafi. Nami sikumtetea, kwa sababu swali lile lilikuwa la kwangu pia.

Ajabu ni kwamba katika vurugu hizo zote, yeye ndiye aliyemaliza. Kwa kidole kile kimoja, na kwa kamusi iliyokwisha jalada, aliandika tasnifu yake yote juu ya wakulima wadogo wa miwa na kwa nini huuza mapema kwa hasara. Alimfuata msimamizi wake mpaka Dar, akalala msikitini, akarudi na sahihi. Sisi tulioanza kwa kasi tulikuwa bado tunasuasua katikati. Hatukujua kama amefika huko mpaka Jumamosi ile mratibu alipoingia darasani.

Mratibu alikuwa amekonda. Hakuwa tena na maneno matamu. Alisema uongozi umepata njia: kampasi yao kuu ya Dar es Salaam itapokea yeyote ambaye tasnifu yake imekamilika, aitetee pamoja na wanafunzi wa kule, ahitimu nao. Lakini lazima iwe mwezi huohuo. Kisha akasema kwamba kwa hapa aliyekamilisha ni mmoja, na akamtazama Kiranja.

Tulikuwa tumebaki watu wa kuenea madawati ya mbele tu. Mimi nilikuwa nimekaa dirishani. Nakumbuka mlima ulikuwa umefunikwa na wingu mpaka kiunoni, na nakumbuka nilivyojua kwamba yule akiondoka hakuna atakayetukumbuka tena. Kiranja aliuliza kama wengine wanaweza kuongezwa, hata kama ni kwa kuchelewa kidogo. Mratibu akasema hapana, wao watashughulikiwa baadaye. Mzee alivua kofia, akaitazama ndani kama mtu anayetafuta kitu, akaivaa tena.

"Mwambie aliyekutuma kwamba nashukuru," akasema. "Nitakwenda na wenzangu."

Sista alilia. Kuna waliopiga makofi, na mimi nilipiga. Hakuna aliyemwomba abaki. Hilo nalisema kwa haki. Lakini pia hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia, mzee, nenda. Mratibu alimfuata ukumbini akamsihi, tukasikia sauti yake ikipanda, ya mzee hatukuisikia. Tulipotoka, dada wa benki aliniambia kwamba yule ni mpumbavu, na macho yake yalikuwa mekundu. Jumamosi iliyofuata dada huyo hakuja, wala hakurudi tena.

Njia ile ilifungwa mwisho wa mwezi. Mratibu akahamishiwa Dodoma, na aliyekuja badala yake hakuwa na faili zetu. Sista aliitwa na wakuu wake wa shirika akapelekwa nchi nyingine, akatuaga kwa simu. Mwishowe tukaitwa, wale tuliobaki, tukaambiwa kwa upole kwamba masomo yale yamesitishwa. Asiyetaka kupoteza kila kitu angepewa stashahada. Mimi niliichukua. Cheti kipo ndani ya bahasha chini ya nguo zangu, na shuleni bado nafundisha ukurasa uleule. Kiranja alipopewa karatasi ya kuikubali, aliisukuma upande wa pili wa meza. Alisema yeye hakusomea stashahada. Tulipokuwa tunashuka ngazi nilimwona akishikilia ukuta, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona kama mzee kweli.

Mke wake nilikuwa nimemsikia kabla ya kumwona. Kiranja alipenda kumnukuu, tena kwa fahari. Alisema mkewe hulalamika kwamba mumewe ameoa chuo, na kwamba mke mwenza huyo hapiki wala hafui. Tulikuwa tunacheka sana. Nilipokwenda Bigwa mara ya kwanza, miezi michache baada ya masomo kufungwa, sikuona cha kuchekesha. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," naye akaitikia marahaba bila kuinua uso kutoka kwenye mchele aliokuwa anauchambua. Kisha akauliza, "Ninyi ndio wenzake?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kuchambua. Mzee alikuwa shambani, na hata aliporudi tulizungumza habari za mvua.

Baada ya hapo nilipotea. Watu hupotea, hasa kwa wale wanaowakumbusha walichopoteza. Kundi letu la simu lilibaki, lakini kilichopita humo kilikuwa ni salamu za sikukuu na rambirambi. Ndani ya kundi hilo, Kiranja alikuwa amegeuka kuwa hadithi. Kila mtu alipotaka kusema bado kuna watu wema, alimtaja mzee aliyekataa kuhitimu peke yake. Walioandika hayo hawakuwa wakienda Bigwa. Siku moja Sista, akiwa hukohuko alikopelekwa, aliandika kwamba amesikia Kiranja amepata kiharusi, na akaomba yeyote aliye karibu aende kumjulia hali. Aliye karibu nilikuwa mimi.

Nilikwenda siku ya Jumapili baada ya adhuhuri. Vijito vya mlimani vilikuwa vimejaa, na njia ya kwake ilikuwa tope tupu. Mke wake alinipokea kwa wema zaidi ya mara ile. Nadhani uchungu ulikuwa umemchosha. Aliniingiza chumbani, akanisogezea kigoda, akatuacha.

Upande mmoja wa mwili wa mzee ulikuwa umelala. Mkono umewekwa juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine. Nilimwamkia, akaitikia, na neno marahaba likatoka nusu. Maneno yalimjia taratibu, lakini akili ilikuwa yake yote. Alinifahamu, akauliza habari za shule, akauliza kama nimeolewa, nikasema bado, akasema si kitu. Nikamfikishia salamu za Sista. Nikamwambia pia, kwa kuwa nilitaka kumfurahisha, kwamba wenzetu hawajamsahau, kwamba kila siku wanasema vile alivyotusubiri.

Kisha akasema, "Siku ile mratibu alipokuja, wewe ulikuwa dirishani."

"Ndiyo, mzee."

"Kama ungekuwa umemaliza wewe, mimi bado. Ungenisubiri?"

Mgonjwa hudanganywa, hiyo ni heshima, na nilikuwa na uongo tayari mdomoni. Lakini alinitazama kwa jicho lile zima, na nikaona kwamba hajauliza ili apozwe.

"Nisingekusubiri, mzee," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa. "Nilijua. Hata siku ile nilijua. Niliwatazama wote, mmoja mmoja, nikaona hayupo wa kunisubiri."

"Sasa kwa nini hukwenda?"

Alifumba macho mpaka nikadhani amepitiwa na usingizi, kama zamani. Nje mkewe alikuwa anamwaga maji. Niliona mdomo wa mzee ukihangaika, ukitafuta neno, ukilikosa, ukilitafuta tena.

"Nilidhani mkiona," akasema, "mtajifunza."

Nilitaka kumwambia kwamba tulijifunza, lakini nilikuwa nimeshamwambia kweli mara moja na nilishindwa kurudi kwenye uongo. Chozi lilimtoka upande ule usiosikia chochote, likashuka mpaka sikioni, na sidhani kama yeye mwenyewe alilijua. Sikulifuta. Nilikaa nimeshikilia magoti yangu.

Mama akaingia na beseni na kitambaa. Alisema ni saa ya kumgeuza, akilala ubavu mmoja sana anapata vidonda, na siku nyingine huwa anamsubiri jirani aje amsaidie. Hakuniomba. Aliweka beseni chini, akapitisha mikono yake chini ya mabega ya mumewe, halafu akaona bado nimekaa.

"Shika huko miguuni, mwanangu," akaniambia. "Shika kwa mikono yote miwili, usimwachie."

Nikainuka nikamshika.